Mwalimu Celina na Benchi la Mguu Mfupi

Inatangazwa, kwa unyenyekevu mwingi na sauti nzito, kwa waumini wote wa kanisa la mabati ya kijani hapa Kanyakine, pamoja na majirani, mahasimu na wale wanaokuja kwa ajili ya nyama tu, kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi tutampokea Mtumishi wa Mungu, Mwalimu Celina Kawira, Taa ya Imenti Kusini, Mtume wa Wazungu, Mama wa Mataifa, aliyevuka bahari kwa imani akawatoa Waskoti gizani. Ataandamana na wageni wanne kutoka ng'ambo. Kila familia ilete mkungu mmoja wa ndizi. Kina mama wa mukimo wafike saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wenye makamasi wabaki nyumbani.

Tangazo hilo lilisomwa Jumapili tatu mfululizo na Mzee Elphas Kathuri, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, mtu wa suti ya rangi ya chai ya maziwa na sauti ya besi iliyotikisa kwaya kwa miaka thelathini. Kila alipofika kwenye "Mama wa Mataifa" alinyamaza, akavua miwani, akaipangusa. Watu wakadhani ameguswa na Roho. Kumbe alikuwa anaangalia ni wangapi mle ndani waliokuwepo mwaka wa tisini na saba na bado wako hai.

Walikuwa wengi. Huku kwetu watu hawafi ovyo. Hewa ni safi, na umbea huwapa sababu ya kuamka.

Sasa, huwezi kumjua Celina kabla hujalijua benchi.

Benchi lenyewe ni la mti wa muringa, refu, jeusi kwa makalio ya wenye dhambi, nalo lilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kati ya ngoma iliyopasuka na ndoo ya kudekia. Mguu wake mmoja ni mfupi kwa pingili moja ya kidole. Ukisogea kidogo tu, linagonga sakafu: ko. Ukipiga chafya, ko. Ukivuta pumzi ya majuto, ko. Na likigonga, kanisa zima linageuka kuona nani yuko huko leo. Hapo ndipo walipokaa waliotengwa: walevi, waliooana bila harusi, waliokwenda kwa mganga wakaonekana wakitoka, na wasichana wenye matumbo. Hawakugusa Meza ya Bwana, hawakuimba kwaya, hawakufunza watoto. Katika historia yote ya kanisa, mzee hakuwahi kukalia lile benchi. Si kwamba wazee hawakuwa na dhambi. Walikuwa nazo, tena za kutosha kuuza nje ya nchi. Ila dhambi zao hazikuwa na tumbo.

Mwaka wa tisini na saba Celina alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu wa Shule ya Jumapili, na soprano wa kwanza kwenye kwaya. Halafu gauni la kwaya likaanza kukataa kufunga. Wazee wanane wakamwita katika chumba chao. Karani wa kikao alikuwa kijana hodari, mwalimu wa kwaya, mwenye mke na shamba la majani chai: Elphas.

"Mwanamume ni nani?" waliuliza.

Celina alimtazama karani. Karani aliitazama kalamu.

"Yupo," akasema. "Siku akiwa mwanamume atajitaja mwenyewe."

Wazee saba walikasirika. Wa nane aliandika. Na katika kuandika akapata wazo, akainua mkono, akapendekeza kanuni mpya ya kusaidia kanisa: mtu yeyote atakayekalia benchi la nyuma, awe nani, asitolewe hapo mpaka asimame mbele ya watu na kutaja kwa kinywa chake kosa lake, na mtu aliyelifanya naye. Alijua Celina ni kichwa kigumu na hatamtaja. Alijua pia kwamba akimtaja, wazee saba watamwita mwongo. Kanuni ilipita. Elphas akaiandika kwa wino wa bluu, akaipigia mstari kwa rula, akatia sahihi. Mstari ulinyooka vizuri sana. Alikuwa na mkono mzuri, huyo kijana, na ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Celina alikalia benchi miaka kumi na minne.

Mwezi wa kwanza liligonga kila dakika. Mwaka wa pili liligonga mara mbili kwa ibada. Kufikia mwaka wa tano angeweza kuketi saa tatu, pamoja na matangazo, bila kulisikia hata mara moja. Watu waligeuka kwa mazoea, wakamkuta ameketi kama ameshonwa pale, macho yake kwenye kisogo cha mtu mmoja mstari wa mbele. Mwenye kisogo alianza kuvaa kola ndefu.

Shule yake ya Jumapili ilipewa mke wa Elphas, mama mpole ambaye aliwafunza watoto kwamba Yona alimezwa na tilapia.

Na mtoto akazaliwa, akaitwa Joyline. Mtoto mzuri, ila alikuwa na masikio. Hayakuwa masikio ya kawaida. Yalisimama mbali na kichwa, mapana, kama majani ya nduma kando ya mto. Kanyakine nzima ilijua ni kichwa kipi kingine kilichokuwa na majani hayo, kwa sababu kichwa hicho kilisimama mbele kila Jumapili kikiongoza wimbo. Hakuna aliyesema kitu. Ila Juju Marcella, bibi aliyekuwa mzee tangu sisi tuzaliwe, alimbeba mtoto siku moja, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akamrudishia Celina.

"Mfunge kitambaa, mwari," alimwambia. "Huyu hata ukimficha chini ya kitanda atasoma jina la baba yake kwa sauti."

Joyline akalelewa na kitambaa kichwani.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na moja ikaja barua kutoka Uskoti, kutoka kisiwa ambacho kondoo ni wengi kuliko watu, na upepo ni mwingi kuliko kondoo. Kanisa la huko liliandika kwa aibu. Zamani, walisema, sisi tuliwaletea walimu. Sasa tumeishiwa. Watoto wetu watatu hawajui Musa ni nani. Tafadhali tutumieni mwalimu mmoja, nauli tunayo.

Elphas, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti, alifumba macho muda mrefu.

"Roho ananionyesha Celina," akasema.

"Si yuko benchi?" wazee wakauliza.

"Bahari ni pana, baite, wazee wenzangu. Kutengwa hakuvuki maji ya chumvi."

Akaandika barua ya kumtambulisha, kwa mkono ule ule mzuri: *Mwalimu Celina Kawira hana doa wala kunyanzi mbele ya kanisa hili, na hajawahi kuwa nalo.* Lakini jina lake kwenye kitabu cha nidhamu hakulifuta, kwa sababu kulifuta kungehitaji Celina asimame na kutaja. Basi jioni hiyo mwanamke mmoja alikuwa mwenye dhambi kwenye kitabu na mtakatifu kwenye bahasha, na wino ni mmoja.

Celina aliisoma barua mara mbili.

"Weka na muhuri," akasema.

Elphas akaweka muhuri, kwa furaha, kama mtu anayebandika stempu kwenye kifurushi kisichorudi. Joyline akapelekwa shule ya bweni, karo ikatoka kisiwani, na mama yake akapanda ndege akiwa na Biblia ya Kimeru, sweta nne na bahasha.

Kazi ya umishenari ilianza vibaya. Kanisani kulikuwa na watu tisa na mbwa, na mbwa ndiye pekee aliyeimba. Mvua ilinyesha kwa ubavu. Celina aliwafunza wale watoto watatu nyimbo za Kimeru, wakazishika vizuri kuliko Kiingereza chao cha puani. Akaanza kutembelea nyumba za watu bila kuambiwa, na chupa ya chai kwapani, kama mtu anavyotembelea majirani. Mara ya kwanza walitoka nje wameshika kifua, wakidhani ameleta habari za msiba. Kwao mtu hagongi mlango wako kama hajafa mtu. Aliingia tu, akaketi, akanywa chai yake mwenyewe jikoni kwao, akasikiliza. Mwaka ulipoisha alijua kila siri ya kisiwa. Murdo, muuza nyama na mzee wa kanisa, hakupendwa na mtu na hakujua kwa nini. Bi Morag hakuwa amezungumza na dada yake wa damu tangu mwaka wa themanini na tatu, sababu ni birika.

Watu wa aina hii Celina alikuwa amewaona. Aliwaona kwa nyuma, miaka kumi na minne.

Siku moja akaomba msumeno. Akachukua benchi zuri la mwaloni kutoka chumba cha kwaya, akakata mguu mmoja pingili ya kidole, akalisukuma mpaka nyuma karibu na mlango.

"Hii ni desturi ya kwetu Kanyakine," aliwaambia. "Mwenye kosa huketi hapa mpaka alitaje mwenyewe mbele ya watu. Hasaidiwi. Haharakishwi. Na kwetu," akaongeza, akiwa amenyooka kama mnara, "wazee ndio huketi kwanza."

Huo ndio uongo pekee wa umishenari wake, na uliokoa watu wengi kuliko mahubiri yote.

Murdo aliketi kwanza, kwa kuwa alikuwa mzee na hakutaka Uskoti ishindwe na Kanyakine. Ko. Walikaa kimya dakika arobaini. Waskoti wanaweza kunyamaza, hiyo wamepewa. Mwishowe yule mtu mnene mwenye mikono ya kukata mbuzi alisimama, akasema kwamba kwa miaka thelathini alikuwa akiweka dole gumba kwenye mizani. Akalia. Wakamlilia. Wakaenda kunywa chai. Jumapili iliyofuata Bi Morag aliketi na dada yake, bega kwa bega, ko, ko, na birika likatajwa. Baada ya miaka miwili watu walikuwa wakija kutoka visiwa vingine kuketi. Kanisa likajaa. Ile barua ya "hana doa wala kunyanzi" waliitia fremu, wakaitundika ukutani juu ya benchi, maana walitaka kila anayeketi aone mtu safi anavyofanana.

Celina aliipangusa vumbi kila Jumamosi. Kwa upole. Kama mtu anayenoa kisu.

Simu ilikuja mwaka juzi. Joyline sasa alikuwa mtu mzima, karani wa masijala katika ofisi moja mjini Embu, akikaa nyumba ya kupanga mtaa wa Dallas. Alikuwa amempata kijana, Adrian Gitari, daktari wa ng'ombe wa Manyatta, mtu mpole aliyenuka dawa ya kupe. Kanisa la Adrian halifungishi harusi bila barua kutoka kanisa la nyumbani la bibi harusi. Basi Joyline akapanda mpaka Kanyakine, akaketi mbele ya meza ya Mzee Elphas, kitambaa chake kichwani, akaomba barua.

Mzee alitoa kitabu cha nidhamu. Alikifungua pole pole, ingawa alijua ukurasa.

"Mama yako bado yumo humu," alisema.

"Mama yangu ni mmishenari, Mzee."

"Huko, ndiyo. Hapa ni mtu wa benchi. Na mtoto wa mtu wa benchi hatumwandikii barua mpaka mama akiri. Desturi ni desturi, mwanangu." Halafu akasikia alichosema, akakohoa. "Yaani, binti ya Celina."

Joyline alimtazama masikio. Kisha akaondoka bila kuaga, jambo ambalo Mzee alilitaja baadaye kama ushahidi wa malezi mabaya.

Jioni alimpigia mama yake. Alieleza yote, akalia kidogo, akalaani kidogo, kwa Kimeru, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya Dallas ambayo haifai kuandikwa. Upande wa pili palikuwa na upepo tu.

"Mama? Uko?"

"Niko. Ukurasa uliuona?"

"Niliuona. Wino wa bluu. Chini yake kuna kanuni, imepigiwa mstari."

"Kwa rula?"

"Kwa rula."

"Sawa," akasema Celina. "Usigombane na mtu. Mwambie tu nakuja nyumbani, na nakuja na wazungu."

Ukitaka kumkamata mzee wa kanisa la huku kwetu, usitumie rungu. Tumia mgeni. Elphas aliposikia neno "wazungu", hasira, hofu na kumbukumbu vyote vilimtoka, akabaki na kamati ya mapokezi. Ikaja na bahati nyingine: Mchungaji Mwongera, msimamizi wetu kutoka Meru mjini, alikuwa ameahidi kuja kumsimika Elphas kuwa mkuu wa wazee wa makanisa yote ya eneo. Mzee akaunganisha sherehe mbili siku moja, ili mbuzi wafe mara moja.

Huko kisiwani, Celina aliwaambia Murdo na wenzake jambo moja tu: sasa mko tayari kuliona benchi mama. Murdo alikosa usingizi wiki nzima.

Siku ikafika. Hema lilisimamishwa nje ya kanisa. Makochi ya Mzee yalibebwa kutoka sebuleni kwake pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, yakapangwa mbele kwa ajili ya wageni. Mukimo wa viazi na mahindi ulipondwa. Lile benchi, kwa amri ya mwenyekiti, lilitupwa stoo tangu Ijumaa na kufunikwa kwa mikungu ya ndizi, maana si kitu cha kuonyesha wageni.

Celina akashuka kwenye gari. Mvi zilikuwa zimemwingia, sweta ni ya kijivu, viatu ni vya mtu wa matope. Nyuma yake Murdo, Bi Morag, na wengine wawili wekundu kama nyanya. Joyline na Adrian walikuwa tayari wameketi. Kina mama walipiga vigelegele. Elphas alifungua mikono.

"Mwalimu! Mama wa Mataifa! Karibu mbele, karibu kochi!"

"Muga, Mzee," Celina akasalimia kwa Kimeru, akampa vidole vinne.

Murdo hakuketi. Alichungulia hema, akachungulia kanisa, akaingia mpaka nyuma, akatoka. Akamwuliza Celina jambo, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyekosa Krismasi.

"Anauliza benchi liko wapi," Celina akatafsiri. "Wamesafiri kwa ajili ya benchi."

"Benchi gani?" akauliza Mchungaji Mwongera.

"Hakuna benchi," akasema Elphas. "Tuna makochi."

"Liko stoo!" Juju Marcella akapaza sauti kutoka kwenye kivuli cha hema. "Chini ya ndizi! Niliona wakilizika!"

Kinyua, karani wa sasa wa kanisa, kijana asiyejua historia kwa sababu alizaliwa baada yake, alikimbia kwa furaha kusaidia wageni. Benchi likatolewa, likapigwa chini mbele ya makochi. Ko. Watu wa rika fulani wakatazama viatu vyao.

Murdo alipiga magoti. Aliushika ule mguu mfupi kwa mikono miwili. Bi Morag alitoa kitambaa akapenga. Kisha Murdo akasimama, akamwinamia Elphas kwa heshima kubwa, akasema maneno marefu.

"Anasema," Celina akatafsiri, neno kwa neno, macho chini, "kwamba kwao walijifunza kutoka Kanyakine kwamba mzee ndiye huketi kwanza. Yeye aliketi, na kuketi huko kuliokoa maisha yake. Amekuja aone mzee wa Kanyakine mwenyewe akiketi. Anasema ndiyo zawadi pekee anayoomba."

Elphas alimtazama Mchungaji. Mchungaji alikuwa anatabasamu mpaka kwenye shingo. Alikuwa hajawahi kusikia unyenyekevu wa namna hii katika eneo lake, na tayari alikuwa akiuandikia ripoti kichwani.

"Keti, Mzee Elphas! Wageni waone!"

Simu zilikuwa juu. Mzee alinyoosha koti, akatoa tabasamu la picha, akaketi.

Ko.

Wale Waskoti wanne wakaketi chini kwenye nyasi, wakamzunguka, wakakunja mikono, wakanyamaza.

Dakika mbili zikapita. Picha zikaisha. Elphas akaanza kuinuka, na ule mkono wa kukata mbuzi ukatua begani mwake, kwa upendo wote wa Kikristo, ukamrudisha. Ko.

"Bado, ndugu," Celina akatafsiri.

"Waambie ni maonyesho tu!"

Celina aliwageukia wageni, akasema kitu kwa lugha yao. Wote wanne wakatikisa vichwa kwa huruma.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba unajiandaa."

Mchungaji Mwongera akauliza desturi hii imeandikwa wapi, maana yeye ni mtu wa karatasi. Joyline akasimama. Kazi yake ni masijala. Anajua faili hukaa wapi. Akamwambia Kinyua kabati gani, rafu gani, ukurasa gani. Kitabu kikaja. Mchungaji akasoma kwa sauti ya mimbarini: mtu yeyote atakayekalia benchi la nyuma, awe nani, asitolewe hapo mpaka ataje kwa kinywa chake kosa lake, na mtu aliyelifanya naye.

"Imepigiwa mstari," akasema. "Imetiwa sahihi E. Kathuri, karani. Mzee, huu ni mwandiko wako?"

"Ulikuwa," akasema Elphas.

Jasho lilikuwa limeanza kuifanya ile suti iwe chai ya rangi. Akaona njia moja tu, akaamua kutoa dhambi ndogo.

"Niliwahi kuuza ndizi Jumapili," akasema, akainuka. Murdo akamrudisha. Ko.

"Na nani?" akauliza Juju Marcella. "Kanuni inasema na nani!"

"Na... na dalali. Niliwahi kutamani ng'ombe wa jirani."

"Hiyo tunaijua, hata ng'ombe alijua! Endelea!"

Kina mama walikuwa wametoka jikoni na miti yao ya kupondea mukimo, wakasimama wamejipanga kama jeshi la viazi. Elphas alitaja wivu. Alitaja usingizi wakati wa mahubiri, akimwomba Mchungaji radhi kwa jina. Ko, ko. Kila dhambi ilipokelewa na wageni kwa heshima, na hakuna iliyotosha.

Ndipo Murdo akafungua begi, akatoa fremu. Hakuwa na ubaya wowote, maskini. Alitaka tu kuirudisha nyumbani barua takatifu. Akampa Mchungaji. Mchungaji akaiweka kando ya kitabu. Akasoma huku, akasoma kule. Tabasamu likamtoka shingoni, likatoka mashavuni.

"Hapa Mwalimu Celina hana doa na hajawahi kuwa nalo," akasema taratibu. "Hapa ametengwa miaka kumi na minne, na bado. Mkono ni mmoja. Mzee Elphas, ni wapi uliposema uongo?"

Celina alisimama kando ya hema, mikono imefumbatwa, hatikisiki. Mazoezi alikuwa nayo.

Joyline akatoka kwenye kiti chake, akaja mpaka mbele ya benchi. Alifungua fundo nyuma ya shingo, akavua kitambaa, akakikunja mara nne, akamwekea Mzee mapajani.

Masikio yakasimama juani, yakisomeka vizuri. Mbele yake yalikuwa mengine mawili.

Mtu mmoja akacheka, akaziba mdomo. Bi Morag, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alitazama huku, akatazama huku, akasema "Oh."

"Ni mimi," Elphas akasema.

"Mpaka nyuma hatusikii!" Juju Marcella akasema, naye alikuwa mstari wa kwanza.

"Ni mimi! Joyline ni wangu. Nilimwandika mama yake kitabuni, nikajiacha nje. Na barua ya harusi nilimnyima kwa kuogopa kitabu kufunguliwa." Sauti ya besi ilikuwa imekwisha, iliyobaki ilikuwa ya mtu mdogo tu. "Nilikosa na Celina Kawira. Hapana. Nilimkosea Celina Kawira."

Watu wakamgeukia mke wake, kwa sababu watu ni wabaya. Alikuwa amesimama kwenye sufuria na mwiko.

"Mimi nilijua tangu mtoto akiwa kliniki," akasema kwa sauti ya kawaida. "Nani hajapata nyama?"

Mchungaji Mwongera, tumpe haki yake, hakuchelewa. Kusimikwa kukafutwa. Jina la Celina likafutwa kitabuni kwa mstari, kwa rula, Joyline akishikilia ukurasa. Barua ya harusi ikaandikwa hapo hapo juu ya mgongo wa Adrian, ikatiwa muhuri. Joyline aliisoma mara mbili, kama mama yake, akaitia kifuani.

Mchungaji angeishia hapo ingekuwa sawa. Lakini mchungaji akiona umati na simu juu, hawezi kuacha. Akapanda juu ya kiti. Akasema hii ni siku ya maridhiano. Akasema benchi hili limetesa vizazi, na sasa lipasuliwe mbele ya mataifa mawili, kuni zake zichemshe supu, moshi wake upande mbinguni kama sadaka. Kinyua akaja na shoka mbio. Kwaya ikaanza kuguna chini chini. Murdo alikuwa analia kabla hata ya kutafsiriwa.

"Mwalimu Celina Kawira!" akanguruma Mchungaji, mkono juu. "Taa ya Imenti! Mtume wa Wazungu! Mama wa Mataifa! Tupe neno la msamaha, neno ambalo watoto wa watoto wetu watalikumbuka, kabla shoka halijashuka!"

Celina alilitazama benchi. Alimtazama Elphas, ambaye alisogea kidogo. Ko.

"Shoka lingoje," akasema. "Kuna mtu amelikalia."